Mtoto Aliyekwama Wodini

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na bibi yake alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo siku aliposema anakwenda kusomea kompyuta nyumba nzima ilinuna. Si kununa kwa kugombana. Ni kule kununa kwa heshima, kwa kukupakulia chakula bila kukuangalia. Baadaye wakazoea. Ofisini nako, walipogundua ametokea kwenye chumba cha cherehani wakamwita Fundi, na jina likamganda, mpaka mlinzi wa getini akawa anaamini ndilo lililoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Basi na sisi tumwite Fundi, tusijifanye tunamjua kuliko mlinzi.

Jambo moja lielewe mapema kuhusu Fundi: mawazo humchukua. Anaweza kuwa mezani, kijiko kiko hewani, macho yako dirishani, mwenyewe hayupo. Mama yake, ambaye bado anashona na bado ana ulimi, husema, "Haya, ameshaondoka huyo. Ukifika utusalimie." Fundi hutabasamu, hurudi, hula kidogo, halafu huondoka tena. Hana wazimu. Ni mtu tu anayeona vitu polepole, na akishaviona hawezi kuviacha.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Mchana, wauzaji wakishusha vioo kwenye gari, jua lilivipiga likapanda juu, likaingia dirishani kwa Fundi na kutambaa darini, mwanga mweupe ukielea kutoka ukuta huu hadi ule, ukashuka kwenye makabati na kupotea. Wenzake walilalamika kwamba unawaumiza macho. Yeye alikuwa anausubiri. Ukija, aliacha kuandika mpaka upite.

Pale walitengeneza programu ya vituo vya afya. Mgonjwa anaandikishwa, anapimwa, daktari anaandika dawa, na programu inapiga hesabu ya kiasi cha dawa kwa kufuata uzito wa mtu. Fundi hakuitengeneza programu hiyo. Yeye alisimamia majaribio yake. Jaribio, kwa asiyejua, ni programu ndogo inayoichokoza programu kubwa. Inajifanya mgonjwa, inapiga hodi, inaomba huduma, kisha inaangalia imejibiwaje. Ikijibiwa vizuri, kwenye skrini kunawaka kijani. Ikijibiwa ovyo, kunawaka nyekundu, na hapo ofisi nzima inageuza shingo.

Majaribio hayo yalikuwa na desturi yake, na desturi aliiacha Mzee Koti. Huyu ndiye aliyeandika programu ile tangu mwanzo, akastaafu Fundi akiwa bado mgeni kazini. Aliitwa hivyo kwa sababu alivaa koti mwaka mzima, akiulaumu ubaridi wa kiyoyozi. Sheria yake ilikuwa kwamba kila jaribio liitwe kwa sentensi nzima, tena sentensi ambayo mama yako nyumbani akiisoma ataelewa. Kwa hiyo ukifungua orodha unakutana na mambo kama "mgonjwa asiye na simu aandikishwe bila kusumbuliwa", au "umeme ukikatika, jina la mgonjwa lisipotee". Fundi aliyapenda majina hayo. Kuna siku aliyasoma tu, moja baada ya jingine, bila kazi yoyote, huku mwanga wa vioo unapita juu ya kichwa chake.

Jaribio moja tu lilivunja sheria ya Mzee Koti, na alilivunja Mzee Koti mwenyewe. Liliitwa "Kipenzi". Basi, neno moja.

Kipenzi ni mtoto wa kike wa miaka minne, ana homa. Hayupo duniani, yupo kwenye jaribio. Anaingia getini na baba yake, anaandikishwa, anakaa kwenye benchi, anapimwa uzito, kilo kumi na nne, anapimwa joto, anaingia kwa daktari, anatolewa damu, anapewa dawa, analazwa wodini kidogo aangaliwe, anaruhusiwa, anatoka getini na baba yake. Yote hayo ndani ya jaribio moja refu. Majaribio mengine yanaenea kwenye skrini, unayaona mwanzo na mwisho kwa jicho moja. Hili unashuka nalo, unashuka, kidole kinachoka, bado uko kwa daktari. Na njiani Mzee Koti alipachika kila kitu: umeme kukatika, manesi wawili kuandika kwa pamoja, karatasi ya majibu kuchelewa, baba kusahau tarehe ya kuzaliwa. Ukigusa uzi huku, kule mbali kunakunjamana.

Tabu yake ilikuwa hii. Likipata hitilafu katikati, labda mtandao umesuasua, jaribio linasimama palepale, na Kipenzi anabaki ndani. Kesho yake jaribio likianza upya, mtoto anafika getini na programu inasema, kwa adabu zake zote, mtoto huyu mbona tayari yuko wodini. Nyekundu. Inabidi mtu aingie kwenye mashine ya majaribio, amtafute, amruhusu kwa mkono, kisha aanzishe tena. Ofisini ilikuwa imegeuka kuwa salamu. Mtu anaingia asubuhi, hajavua begi, anauliza, "Kipenzi kalala wapi leo?" Na mwingine anajibu bila kuinua kichwa, "Wodini. Mruhusu, uirudie." Mruhusu, uirudie. Hakuna aliyejiuliza zaidi. Binadamu akishapata dawa ya kutuliza, ugonjwa wenyewe anauachia atakayekuja.

Wiki moja kabla ya toleo jipya la programu kupelekwa vituoni, Kipenzi alikwama kila siku. Mkuu wa ofisi, mtu mwema ila moyo wake aliuweka kwenye kalenda, akaja kusimama nyuma ya kiti cha Fundi.

"Fundi, hiki kitu kinatupotezea muda."

"Najua, Mkuu."

"Ama ukifuge ama nikifute. Ijumaa toleo linatoka. Sitaki nyekundu isiyo na maana."

"Ukikifuta, Mkuu, hakuna jaribio lingine linaloangalia kipimo cha dawa ya watoto. Ni hili peke yake."

Mkuu akajikuna shingo. "Basi kifuge," akasema, akaondoka, na Fundi akabaki ameshika kalamu ambayo hakuwa anaihitaji.

Akajua kazi aliyopewa. Ilibidi lile jaribio alifumue, kipande kwa kipande, kila kipande kisimame chenyewe na kiwe na jina lake. Akishindwa, linafutwa, na vituo vyote vile vitapokea programu ambayo hakuna anayeilinda pale dawa inapokutana na mtoto. Jioni akarudi nyumbani na wazo hilo.

Mama yake alikuwa chumba cha mbele, mbele ya cherehani, anafumua gauni la mteja aliyenenepa. Fundi akakaa kwenye kigoda akamtazama. Mama hakimbilii wembe. Kwanza huigeuza nguo nje ndani, hupitisha kidole kwenye kila mshono, na kila mahali anapotaka kukata huweka alama ya chaki. Nguo ikawa imejaa alama nyeupe kabla uzi hata mmoja haujakatika.

"Mbona huanzi, mama?"

"Nimeshaanza. Wewe ndiye huoni." Mama akapuliza vumbi la chaki. "Huyu aliyeshona kabla yangu ameunganisha bitana na mfuko. Ningevuta tu, ningebaki na mfuko mkononi. Umeondoka tena?"

"Nipo, mama."

"Uongo huo," akasema mama, akaendelea.

Kesho yake Fundi akafanya hivyo hivyo. Alilisoma jaribio lote bila kugusa neno, akiweka alama: hapa mlango unaisha, hapa mizani inaanza, hapa daktari. Ilikuwa mchana wa joto, kiyoyozi kinakoroma, na kadiri alivyoshuka ndivyo ofisi ilivyozidi kumtoka. Alikiona kituo. Aliona benchi la mbao lililong'aa kwa kukaliwa, na miguu ya mtoto isiyofika chini, kiatu kimoja kinaning'inia kwenye vidole. Mwanga ulipita darini na katika mawazo yake ukapita juu ya benchi lile pia, na mtoto akauangalia kama yeye anavyouangalia. Hakuwa amelala, lakini usingeweza kuapa kwamba yuko macho.

Akaanza kufumua. Alikata mlango akautenga, akauita "mtoto mwenye homa apokelewe kabla ya foleni". Kijani. Akatenga mizani. Kijani. Moyo ukaanza kumrudia mahali pake. Akatenga dawa: Kipenzi mpya, hajatoka popote, anakwenda moja kwa moja kwa daktari, daktari anaandika dawa ya homa, programu ipige hesabu.

Nyekundu.

Akaisoma sababu mara ya kwanza, akairudia. Programu ilikuwa imempa Kipenzi dawa ya mtu mzima. Kiasi kizima.

"Nimekata vibaya," akajisemea. Akarudi kwenye alama zake, akapitisha kidole kwenye mshono. Hakukosea. Kwenye jaribio refu Kipenzi alifika kwa daktari akiwa ameshapimwa, uzito wake umeshaandikwa, kwa hiyo dawa ilitoka sawa. Hapa hakupimwa. Na programu, ikikuta nafasi ya uzito iko tupu, haikuuliza wala haikusita. Ilijijazia uzito wa mtu mzima. Pengine mtu aliiweka hivyo zamani ili mashine isikwame, akaenda zake kunywa chai.

Meza ya pili alikaa mwandishi wa programu waliyemwita Dakika Moja, kwa sababu ukimwomba chochote hujibu dakika moja, na dakika hiyo hujawahi kuiona mwisho wake. Fundi akamwita aje aangalie.

"Dakika moja," akasema, na safari hii kwa bahati akaja kweli. Akasoma, akacheka kidogo. "Mpime kwanza, itapita. Mzee Koti alimpima kwanza."

"Na mtoto ambaye hakupimwa?"

"Fundi, nani atampa mtoto dawa bila kumpima? Ni utaratibu. Weka mstari wa mizani juu, kijani, twende zetu."

Na ni kweli, ulikuwa mstari mmoja tu. Fundi akauandika, kukawaka kijani kizuri, na akakaa akikitazama bila furaha. Akaufuta. Kilichomsumbua hakikuwa programu. Ni Mzee Koti. Mtu aliyekumbuka kumjaribu baba aliyesahau tarehe ya kuzaliwa, mtu aliyekumbuka mgonjwa asiye na simu, asikumbuke mtoto asiyepimwa? Haikuingia akilini. Mzee yule alikuwa na jicho la kuona uzi uliolegea upande wa pili wa barabara. Labda alikuwa na sababu, na sababu hiyo ikawa imefumwa ndani ya jaribio mahali ambapo Fundi hapaoni. Akaomba ruhusa ya mchana, akaenda.

Mzee Koti alikaa kwenye nyumba ya chini yenye uzio wa maua ya zambarau na kengele isiyolia. Mlango ulifunguliwa na mkewe, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Fundi. Nimekujua kwa kusimama. Mzee alisema kuna binti ofisini akisimama mlangoni husahau kuingia. Pita."

Mzee Koti alikuwa sebuleni amelifungua pangaboi, vipande vyake vimepangwa kwenye gazeti, na koti amelivaa, humo humo ndani ya nyumba yake, kiyoyozi hakuna. Fundi akaona aibu kucheka akaangalia ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado anakwama wodini?"

"Bado, mzee. Ndiyo nimekuja. Wanataka kumfuta, mimi nimeanza kulikata jaribio vipande vipande ili libaki."

Mkono wa mzee ukasimama juu ya bisibisi. "Umelikata," akasema. Hakuwa anauliza.

"Samahani, mzee. Ni refu mno. Na nilipotenga dawa nikaona kitu." Akamweleza: mtoto hajapimwa, programu inampa dawa ya mtu mzima. "Nikashangaa. Wewe hukuwa mtu wa kusahau. Nikasema nikuulize kwanza, labda kuna sababu sijaiona."

Nje mtu alikuwa anafua, ukasikia nguo zikikung'utwa. Mke wa mzee, aliyekuwa anakwenda jikoni, akarudi akakaa kwenye kochi pembeni ya mumewe, karibu kuliko kochi linavyohitaji.

"Sikusahau," Mzee Koti akasema. "Yule tulikuwa naye. Wa kwetu. Kipenzi tulimwita hapa nyumbani, jina lake la shule hakuwahi kulitumia, hakufika shule." Alikuwa kama anaongea na ile bisibisi. "Alipata homa, nikampeleka. Siku hiyo mizani yao ilikuwa mbovu. Hawakumpima. Wakampa dawa ya mtu mzima. Nilitoka getini peke yangu."

Machozi yalimtoka Fundi bila kuomba ruhusa, akayaacha.

"Nilipoanza kuandika ile programu nikasema nitampeleka tena," mzee akaendelea. "Kila asubuhi nampeleka. Napita naye mlango kwa mlango, na mizani nimeiweka kabla ya daktari, nzima, haiharibiki. Mwisho anatoka na mimi. Waliniambia likate, Mzee, ni refu. Ningelikataje? Ningelikata, angekuwa anaishia katikati. Na lile la mtoto asiyepimwa, mwanangu, nililifungua ukurasa si mara moja. Naandika jina lake, mkono unakataa. Nilishindwa kumrudisha kwenye siku ile."

"Pole, mzee. Pole, mama. Sikujua."

"Ungejuaje," mama akasema. Alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akaivaa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia zamani na sasa ana kazi ya kufanya. "Hiyo programu ndiyo inayokwenda vituoni Ijumaa?"

"Ndiyo, mama."

"Na mizani mbovu zipo bado."

"Zipo, mama."

"Basi andika. Mwandike yeye, usimwandike mtoto mwingine. Baba yake ameshindwa, wewe utaweza." Akamgeukia mumewe, akamwekea mkono kwenye mkono wa koti, na mzee akatikisa kichwa, kukubali, bila kuinua macho. Kisha mama akamwangalia Fundi tena. "Ila nikuulize. Hivyo vipande unavyovikata. Kila kimoja kikiisha, mwanangu anakuwa wapi?"

Fundi akavipitia vipande vyake kichwani. Alikuwa amevikata vyote vizuri, kila kimoja na jina lake, na hakuna hata kimoja kilichomtoa mtoto. Kipande cha mlango kilimwacha mlangoni. Cha mizani kilimwacha juu ya mizani. Cha dawa kilimwacha kwa daktari. Na hiyo ndiyo ilikuwa tabu ya siku zote, ile iliyowafanya waingie asubuhi wakiulizana Kipenzi kalala wapi: mwisho mmoja tu, mbali kule chini, na likitokea lolote kabla, mtoto hana wa kumtoa.

"Atarudi nyumbani, mama," akasema. "Kila kipande. Kikifaulu, kikifeli, hata kikikatikia njiani. Naweza kufanya hivyo."

"Fanya hivyo," mama akasema, akaenda kuweka chai.

Asubuhi Fundi aliingia kwa Mkuu kabla ya kuweka begi. Hakuzunguka. Alisema programu inampa mtoto asiyepimwa dawa ya mtu mzima, akaeleza ameonaje, akasema toleo lisitoke. Mkuu akatazama kalenda yake ukutani kwa muda, kisha, na hapa nampa haki yake, akainuka akaigeuza ikatazama ukuta.

"Nani anairekebisha?"

Dakika Moja alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Rangi ilikuwa imemtoka. "Mimi," akasema. "Sasa hivi." Hakusema neno lingine siku nzima, na watu walimpelekea maji wakidhani anaumwa.

Fundi naye akarudi kwenye vipande vyake. Kwanza aliandika mwisho, huo mmoja utakaotumiwa na vyote, akauita "Kipenzi arudi nyumbani": popote jaribio litakaposimama, kwa heri au kwa shari, mtoto atafutwe, aruhusiwe, asindikizwe mpaka nje ya geti. Akauunganisha na kila kipande. Halafu kimoja kimoja akavipitia, akavipa majina ambayo mama yake angeelewa, na kweli jioni alimsomea, na mama yake akasimamisha cherehani kusikiliza, jambo ambalo halifanyi hata kwa taarifa ya habari.

La mwisho lilimchukua muda. Aliandika "Kipenzi", akakaa. Mwanga wa vioo ulipanda ukapita darini, na safari hii hakuufuata. Alikiona kituo, foleni, mizani imeegeshwa ukutani na karatasi imebandikwa juu yake. Alimwona mtoto na kiatu kinaning'inia. Aliogopa, kwa mtoto asiyekuwepo duniani aliogopa kweli. Akaandika: "Kipenzi asipopimwa, dawa isitoke."

Siku alipolimaliza, nadhani mlinzi ndiye aliyetangaza, maana hana siri, Mzee Koti alikuja ofisini na mkewe. Alipanda ngazi pole pole na koti lake, akasalimiwa kila meza, akalaumu kiyoyozi kwa mazoea. Fundi akawapisha viti mbele ya skrini yake. Dakika Moja akasimama nyuma, na Mkuu nyuma ya Dakika Moja, na hakuna aliyemwambia mwenzake arudi kazini.

"Nianze, mzee?"

Mkewe akajibu, "Anza."

Majaribio yakaanza kushuka kwenye skrini, sentensi baada ya sentensi. Mtoto mwenye homa apokelewe kabla ya foleni. Kijani, na chini yake, kwa herufi ndogo: Kipenzi amerudi nyumbani. Baba akisahau tarehe ya kuzaliwa, asirudishwe. Kijani. Kipenzi amerudi nyumbani. Umeme ukikatika wodini, kitanda chake kisipewe mwingine. Kijani, amerudi nyumbani. Mama alikuwa anasoma kwa sauti ya chini, kidole hewani, miwani imeshuka puani. Mzee Koti alitazama magoti yake.

Halafu likafika lile. Kipenzi asipopimwa, dawa isitoke. Lilichelewa kidogo, au labda walidhani tu limechelewa. Daktari akaomba dawa. Programu ikakuta nafasi ya uzito iko tupu, na ikajibu: Mpime mtoto kwanza. Dawa haitolewi.

Kijani.

Mzee akainua uso. Aliusoma mstari ule, midomo ikicheza, akausoma tena. Chini yake palikuwa pameandikwa kama kwa mengine yote, Kipenzi amerudi nyumbani, na mzee akatoa mkono mfukoni mwa koti, akagusa skrini pale palipoandikwa, akauacha hapo. Alilia bila sauti. Hakuna aliyegeuza uso wala aliyesema pole, walimwacha tu alie mbele yao.

Mkewe alisoma mpaka mstari wa mwisho. Alishika mkono wa mumewe, akapandisha miwani, akamgeukia Fundi. Hakuwa akiijua lugha ya ofisi ile, hakuna aliyewahi kumwambia ni neno gani walilokuwa wakiambizana kila asubuhi.

"Irudie," akasema.

Fundi akairudia.